Nimemsamehe Mkwe Wangu

Watu wa mtaa huu wanasema mimi ndiye niliyemnyima mkwe wangu viza. Wanasema kwa sauti ya chini nikipita, wakidhani masikio nayo yamezeeka pamoja na macho. Viza si yangu. Sina mhuri, sina ubalozi, sina hata kile kiti cha kuzunguka. Nina cherehani mbili, ovaloki moja ya kukata na kufunga pindo, meza ya kupigia pasi na mwanamke aliyeolewa na mwanangu, na huyo mwanamke nimemsamehe. Nilimsamehe kwenye simu, mbele ya ukoo, kwa maneno matamu, mpaka mtu mzima akatoa leso. Anayesema nina roho mbaya aniambie yeye amewahi kumsamehe nani.

Duka letu linashona sare za shule. Nililianzisha na marehemu mume wangu: chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, na viwili vya nyuma tunamolala. Mkwe wangu aliingia humo akiwa hajui hata kutunga uzi. Nikamfundisha kupima, kukata, kutia kola, kupiga vishimo vya vifungo, na miaka haikupita mingi akawa anashona kuliko mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda kusema. Mwanangu alipopata kazi nchi za watu, kwenye kiwanda cha mikate, alituachia mkewe na binti yao mdogo, ambaye tulimwita Sindano kwa wembamba wake. Tukawa wanawake watatu katika nyumba moja, na mimi ndiye mkubwa.

Mambo yaliharibika siku moja shule zilipokaribia kufunguliwa. Duka lilikuwa limefurika wazazi, kila mmoja anataka ya kwake leo. Mimi nilikuwa nakata mashati. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia wakati ule. Mstari wa chaki nauona nikiinama, nikiinuka haupo. Sikumwambia mtu. Mkwe wangu akapita nyuma yangu, akatazama vitambaa nilivyovipanga, akasema mbele ya mama mmoja aliyeleta mwanawe kupimwa:

"Mama, umekata mikono yote ya kushoto."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayekwambia mvua inanyesha. Yule mama mteja akacheka puani, na hicho kicheko nakisikia mpaka leo. Mimi, niliyewavalisha watoto wa mtaa mzima mpaka wamekuwa wazazi, naambiwa sijui kulia na kushoto!

"Lete, nitakata upya," mkwe akasema, akashika jora la kitambaa kilichobaki.

Nikalivuta. Akalishika. Nikavuta kwa nguvu zaidi, na kilichofuata nilikuwa chini, paji la uso limegonga pembe ya meza ya pasi, damu inaniingia machoni na yule mteja anapiga kelele.

Nikaenda polisi nikiwa na bendeji kichwani. Askari wa zamu aliniuliza kwa upole, "Mama, haya si ya kumaliza nyumbani?" Nikamwambia nyumbani ndiko nilikopasuliwa. Nilichotaka ni adabu tu. Nilitaka alale rumande kidogo, mbu wamng'ate, akitoka ajue duka lina mwenyewe. Lakini kesi ikishafunguliwa huwa inajiendea yenyewe, na baada ya siku chache tulikuwa mahakamani.

Aliyeshughulikia upande wa familia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtu anayependa amani kuliko anavyopenda ukweli. Alimvuta mkwe pembeni, kwenye ukumbi uliojaa watu waliofungwa pingu wawili wawili.

"Mwanangu, kubali yaishe," akamwambia. "Ukikataa, kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Mama wa mumeo atapandishwa kizimbani aulizwe maswali na wanasheria. Kwa faida ya nani? Wewe sema ni kweli, faini tutalipa, twende nyumbani tukale."

"Baba mdogo, lakini mimi niliachia. Nilipoona anavuta kwa hasira, nikaachia."

"Najua, mama. Kubali yaishe."

Hakimu akamsomea shtaka la kumshambulia mtu na kumjeruhi. Akajibu, "Ni kweli." Faini yenyewe ilikuwa ndogo, ya aibu, shemeji akailipa papo hapo, na tukarudi nyumbani gari moja, mkwe amenishika kiwiko nisijikwae. Jioni alinikanda kidonda kwa maji ya moto. Tukacheka jambo fulani, sikumbuki lipi. Kwa watu kama sisi mambo yalikuwa yamekwisha, kwa sababu ndivyo tunavyoyamaliza: mmoja anabeba kosa, wengine wanashusha pumzi, kesho kuna kazi.

Na kuhusu hilo la kuachia, sitabisha. Aliachia. Mimi nilikwenda chini kwa nguvu zangu mwenyewe. Lakini mtu anayekuachia ghafla hali unavuta, anajua utaanguka. Kwangu mimi kuachia nako ni kusukuma, na hakuna atakayenibadilisha mawazo kwa hilo.

Miaka ikapita. Mwanangu akapata kibali cha kuhamishia familia kule. Alinipigia kwa furaha, anaongea haraka haraka hata simshiki vizuri, nami nikashangilia kama inavyopasa. Kisha nikauliza familia maana yake ni nani na nani. Akasema, "Mke na mtoto, mama. Sheria yao ndiyo hiyo. Mzazi hahesabiwi."

Niliumia. Sitaki kulipamba hilo. Nilimzaa mimi, nikamlea mimi, nikamsomesha kwa sare za watoto wa wenzangu, leo serikali nisiyoijua inaniambia si familia yake. Tena daktari alikuwa ameshaniambia macho yangu yatazidi kufifia, dawa ni ya kuchelewesha tu. Wakiondoka wale wawili ningebaki na nani? Mwanamke asiyeona, mkononi ana mkasi. Nilimhitaji mkwe wangu. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi, ningemwacha aende.

Kazi ya viza ikapewa wakala mmoja aliyeitwa Mihuri. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la kutoa kopi: meza, kompyuta, feni inayotikisa kichwa kama inakataa kila unachosema. Alimuuliza mkwe maswali marefu, naye akijibu. Alipofika kwenye lile swali la umewahi kushtakiwa au kutiwa hatiani, mkwe akasema "Hapana," bila kupepesa. Hakuwa anadanganya. Katika akili yake lile lilikwisha siku ileile tuliporudi kwa gari moja. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, pochi mapajani. Nilinyamaza, maana sikuulizwa.

Majibu ya polisi kuhusu rekodi yake yalipotoka, kosa lilikuwepo. Mihuri alituita tena, mara hii na shemeji. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Dada, bahati yako sijatuma maombi," akasema. "Ningetuma uongo huu wangekufungia mlango maisha."

"Lakini hiyo si tuliimaliza?" mkwe akauliza. "Tulilipa. Tukapatana. Mama si huyu hapa?"

"Kompyuta haijui kupatana."

Akaegemea kiti, akaanza kutueleza taratibu, kama anayewaeleza watoto. Alisema mkwe angekuwa ameiba kuku asingepata shida. Faini ndogo, miaka imepita, wale watu wangefumba macho. Lakini kumpiga mtu wa nyumba yako, tena mzee, halafu unaomba kwenda kuishi nyumba moja na mtoto mdogo, hilo wana kanuni yake peke yake. Wanaogopa mtu wa namna hiyo kuliko wanavyomwogopa mwizi.

"Kwa hiyo basi tena?" shemeji akauliza.

"Kuna mlango mmoja." Mihuri akanigeukia. "Ofisa wao anaruhusiwa kumsikiliza aliyeumizwa. Mama akisema aliteleza, kwamba alishtaki kwa hasira tu, ofisa anaweza kulipuuza kosa. Halazimiki, ila mara nyingi hukubali. Wanapiga simu wenyewe, kuna mkalimani."

Wote wakanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu siku ya harusi yangu, na hata siku ile wengine walikuwa wanatazama chakula.

Kipindi kilichofuata, niliishi kama malkia. Chai ilikuwa inanifuata kitandani. Miguu yangu ilikandwa, nywele zangu zikasukwa, magodoro yakaanikwa. Nikikohoa, mtu amefika. Mteja akija na malalamiko, mkwe anasema kosa ni lake, hata kama mkono niliukata mimi. Sindano naye alikuwa amefundishwa kuniambia kila asubuhi, "Bibi, nakupenda," na alikuwa anasahau katikati akamalizia kwa kuomba peremende. Nikafurahi. Nani asingefurahi?

Mwanangu alipiga simu karibu kila siku. "Mama, wewe sema tu uliteleza. Neno moja."

"Unataka mama yako aidanganye serikali ya watu?"

"Si uongo, mama."

"Kumbe ulikuwepo?"

Hakuwepo, na wasiokuwepo hawana haki ya kusimulia.

Alasiri moja, wateja wakiwa wameondoka, mkwe alizima cherehani yake, akaja akapiga magoti mbele yangu, akaweka mikono juu ya magoti yangu.

"Mama, najua unachoogopa," akasema. "Kama ni duka, sitaondoka kabla sijakutafutia fundi mzuri. Kama ni macho, tukifika huko hatutapumzika mpaka tukupatie daktari. Sijakuita mama kwa mdomo tu. Lakini niache niende na mwanangu kwa mume wangu. Nakuomba."

"Inuka," nikamwambia. "Sakafu ina pini."

"Utasema, mama?"

"Nitasema kilicho moyoni mwangu."

Akaubusu mkono wangu. Alilia kwa furaha, maskini, machozi yakanilowanisha vidole. Sijui aliujua vipi moyo wangu mpaka akaridhika namna ile.

Siku ya simu tulifunga duka. Shemeji alivaa koti lake la sherehe. Mihuri alikuja na begi lake, akaiweka simu katikati ya meza ya kukatia, akafungua sauti ili wote tusikie. Mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na Sindano anachezea vipande vya vitambaa chini ya miguu yetu. Simu ikaita. Kwanza ikaja sauti ya mwanamke kwa lugha yao, kisha ya kijana mkalimani mwenye Kiswahili cha kitabuni.

"Bibi, tunakusalimu. Je, unazungumza kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?"

"Kwa hiari yangu mwenyewe, mwanangu."

"Je, siku ya tukio linalozungumziwa, mwombaji alikushambulia?"

Nilimwona mkwe akiyaunda maneno kwa midomo bila sauti: niliteleza. Shemeji naye akanikonyeza. Hata kwa macho yangu haya niliwaona vizuri, walivyokuwa wamening'inia kwenye mdomo wangu.

Nikalainisha sauti.

"Mwanangu, mimi nimemsamehe."

Yakatafsiriwa. Swali likarudi. "Je, una maana kwamba alikushambulia, nawe umemsamehe?"

"Nimemsamehe kabisa kabisa. Siku ile, na siku nyingine zote."

Mkwe akapiga hatua. Mihuri akanyoosha mkono kumzuia, maana sauti yake haikutakiwa kusikika.

"Siku nyingine zipi, bibi?"

"Aa, mambo ya nyumbani hayo, si ya kuwasumbua. Ni binti mwenye hasira za karibu tu, lakini akipoa, anapoa kweli. Hata mtoto huwa namwambia, usilie, mama yako sasa hivi atapoa."

Nilisikia mtu anapiga vitufe vya kompyuta, anapiga kwa muda mrefu.

"Je, kuna jambo ungependa kuongeza?"

"Naomba mumruhusu aende kwa mume wake. Mimi mtu mzima, sina kinyongo. Mungu ni shahidi yangu."

Simu ikakatika. Shemeji alikuwa ametoa leso, analia waziwazi. "Shemeji, umenena kama mama," akasema. "Kama kuna mtu atakayewanyima baada ya maneno yale, basi huyo hakuzaliwa na mwanamke."

Mihuri alikuwa anaifunga zipu ya begi lake polepole, hanitazami. Mkwe alikuwa amekaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa.

"Mama," akasema. "Siku nyingine zipi?"

"Zipi nini?"

"Umesema siku nyingine zote. Ni zipi?"

"Nilikuwa naongea tu, waone nina moyo mkunjufu."

"Mama, umewaambia nampiga mtoto!"

Shemeji akamkaripia. "We binti, una wazimu? Mama wa watu amekusamehe mbele ya serikali, badala ya kushukuru unamhoji? Hebu mshukuru. Mshukuru sasa hivi, nisikie."

Mkwe akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama mtoto wake. Kisha akasema, "Asante, mama." Nikamwambia hakuna neno.

Kama unataka kujua iwapo nilijua nilichokuwa nakifanya, mimi si mjinga. Nimeishi na watu. Huwezi kumsamehe mtu ambaye hakukukosea. Ukishasema umemsamehe umeshamtia hatiani, na hana pa kukata rufaa, maana atabisha vipi na wema? Ningesema alinipiga, shemeji angenilaani. Nilisema nimemsamehe, na mpaka leo shemeji anahadithia misibani.

Majibu yakaja. Mihuri alitusomea bila kuinua uso. Mama wa mtoto alikuwa amenyimwa, kwa kuwa kosa la zamani pamoja na maelezo ya mlalamikaji vilionyesha mtu wa mwenendo wa kupiga watu wa nyumbani, na usalama wa mtoto ulitiliwa shaka. Mtoto alikuwa amekubaliwa. Mtoto aende kwa baba yake, na kadiri atakavyofika mapema ndivyo itakavyokuwa vizuri.

Hilo sikulitegemea. Hesabu yangu ilikuwa kwamba akinyimwa mmoja, wamekwama wote, na tutabaki watatu kama tulivyokuwa. Sindano ni damu yangu. Lakini ningefanya nini, nirudi kwa Mihuri nikasema nilikuwa natania?

Mwanangu akaomba likizo fupi, akaja kumchukua mtoto. Alikuwa amenenepa, ananukia sabuni nisiyoijua. Hakula kwanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkewe amesimama mlangoni kwa nyuma, akaniuliza papo kwa papo:

"Mama, siku nyingine ni zipi?"

Mihuri alikuwa amesema rufaa ipo, mlalamikaji akirekebisha maneno yake. Ilikuwa ni kusema tu, hakuna, mwanangu, nilitia chumvi. Lakini angenitazama vipi baada ya hapo? Angeniita nani? Mkwe alikuwa ananitazama pale mlangoni. Nikaanza kulia. Machozi yalikuwa ya kweli, hakuna aliyeyalazimisha.

"Usinilazimishe kumsema mkeo mbele yake," nikasema. "Nilishasamehe. Niacheni nisahau."

Nikaona kitu kinaondoka usoni mwa mwanangu. Akamgeukia mkewe.

"Ulikuwa unampiga mama?"

"Sijawahi kumgusa. Hata siku ile sikumgusa."

"Ulikubali mahakamani."

"Niliambiwa nikubali!"

"Na mtoto je?"

"Mtoto si yupo? Muulize."

Akamwita Sindano, akampakata. "Mwanangu, mama amewahi kukupiga?"

Watoto hawajui kusema kwa akili. Wakiulizwa wanajibu. Sindano alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo. Nilipochezea ovaloki. Alinichapa hapa." Akaonyesha mkono.

"Ovaloki ina kisu!" mkwe akasema. "Vidole vyake vilikuwa vinaingia kwenye kisu! Ungefanya nini wewe?"

Alikuwa amepandisha sauti, na mikono yake imeinuka juu bila yeye kujua. Mwanangu alimkumbatia mtoto akamgeuzia upande wa pili, kumkinga. Mkwe akaona alivyofanya. Akaishusha mikono, akaiweka nyuma ya mgongo wake, akashikanisha vidole. Toka dakika ile hakuitoa tena mbele ya mumewe mpaka siku huyo mume alipoondoka.

Siku ya safari teksi ilisimama mbele ya duka na mkwe akaleta begi alilolipanga mwenyewe, nguo zote mpya, kila mshono wa mkono wake. Sindano alikuwa ameambiwa anakwenda kutembea. Alipoona mama yake hapandi, akaelewa. Akamrukia, akamng'ang'ania gauni kwa mikono miwili, akapiga ukelele mtaa mzima ukasimama. Baba yake akamvuta, gauni likavutika. Mkwe aliinua mikono yote juu ya kichwa, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, ili asije mtu akasema alivutana na mtoto. Alikuwa anamwambia tu, "Nenda, mama. Nenda. Nenda na baba." Ikabidi nifanye kazi mimi. Nilivibandua vile vidole kimoja kimoja, vyembamba, vina nguvu ajabu. Nilipobandua cha mwisho alining'ata.

Mwanangu akazungumza na mkewe kupitia dirisha la teksi. "Kaa hapa na mama. Nitakuwa napiga kwenye simu yake. Nikisikia kutoka kwake kwamba mnaishi vizuri, tutaangalia tena habari ya viza."

Basi amekaa. Angeweza kurudi kwao, lakini kwao hakuna simu inayopigwa na Sindano. Anafungua duka, anakata, anashona, anapokea wateja. Mimi nakaa kwenye kiti changu nasikiliza cherehani; chaki siioni kabisa sasa, ila kitu kikiletwa karibu na uso bado nakiona. Chakula ananiletea kwa wakati, anakiweka mezani na kurudi nyuma hatua kadhaa. Kunishika hanishiki. Nikitaka kuvuka barabara anamwita jirani anishike mkono, na jirani anapouliza kwa nini asinivushe yeye, anasema ana kazi.

Simu huja Jumapili mchana. Huwa anaoga mapema, anavaa vizuri, anachana nywele. Mimi ndiye ninayeishika simu, na kioo chake ni kidogo, hivyo ili aonekane inambidi asogee mpaka bega lake liguse langu. Hiyo ndiyo saa pekee anayonigusa.

Jumapili iliyopita mwanangu alipiga kama kawaida, akamweka mtoto mbele ya kamera na yeye akasimama nyuma ya kiti. Sindano amenawiri, jina halimfai tena. Ameota meno mapya ya mbele, na maneno yetu ameanza kuyachanganya na ya kwao. Mama yake akamwita kwa jina la kumbembeleza. Mtoto alitutazama wote wawili, akajirudisha nyuma kidogo kitini.

"Bibi," akaniuliza, "mama bado anakupiga?"

Nilisikia bega la mkwe likikakamaa kwenye langu. Mwanangu kule nyuma aliinamia kamera, anasubiri jibu.

"Hapana, mjukuu wangu," nikamwambia. "Siku hizi ametulia."

Mkwe aliendelea kutabasamu mpaka simu ikakatika. Kisha akainuka, akarudi kwenye cherehani, kwa sababu kulikuwa na mashati ya watu yaliyotakiwa Jumatatu.